Kumpongeza mwalimu mpya: ujumbe wa simu, sauti, barua au maneno ya kusimama?

Mdogo wangu wa mwisho kapangiwa kituo. Habari ilitufikia jioni, na kabla taa hazijawashwa nyumba yetu ya Tukuyu ilikuwa imejaa majirani. Shule ya msingi, wilayani Makete, kata ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Mama alilia. Baba alitoka nje akasimama kwenye migomba, akakawia kurudi. Mwenyewe alikuwa Mbeya mjini, anajitolea kwenye shule moja kwa mwaka wa nne, kwa hiyo kila mtu alitaka kumfikishia neno. Hapo ndipo tulipokwama. Shangazi alishika simu robo saa nzima. Aliandika "Hongera", akafuta, akaandika "Hongera sana", kisha akanigeukia: "Mwanangu, wewe ni mwalimu. Mwalimu mpya anaambiwaje?"

Sikuwa na jibu moja, kwa sababu inategemea nani anamwambia nani, na neno linapita njia gani. Nimefundisha miaka 15. Nimepokea pongezi za kila namna na nimetuma nyingi, nyingine ninazijutia. Hapa ninalinganisha njia nne ambazo watu wa huku kwetu wanazitumia: ujumbe wa kuandika kwenye simu, sauti ya kurekodi, barua ya mkono, na maneno ya kusimama mbele ya watu. Simu ya kupiga sikuiweka kwenye mizani. Karibu kila mtu atapiga, na kupiga hakuzuii lolote kati ya haya manne.

Tunapimia nini

Cha kwanza ni kufika. Kati ya barua ya kupangiwa kituo na siku ya kuripoti kwa Mkurugenzi kuna siku chache, na siku hizo zina vyeti vya kuandaa, godoro la kununua na nauli ya kutafuta. Baada ya hapo mtu yuko kituoni, na vituo vingi vya Nyanda za Juu Kusini viko mbali na lami: Ukinga, Kilolo ya ndani, mabonde ya Ileje, mwambao wa Matema. Zipo shule ambako mtandao unashika kwenye kichuguu kimoja tu nyuma ya nyumba za walimu.

Cha pili ni nafasi: njia hii inabeba kisa, au inabeba salamu tu?

Cha tatu ni kudumu, na hiki ndicho ninachokijali kuliko vingine. Siku ya kwanza kila mwalimu mpya anapongezwa. Mwezi wa tatu mvua haikatiki, mshahara wa kwanza pengine bado unasuasua, watoto wamebanana wanne kwenye dawati moja, maandalio ya masomo hayajakamilika, na hakuna tena anayempongeza. Je, atakuwa na kitu cha kurudia?

Cha nne ni macho ya watu, maana yake nani mwingine ataona au kusikia. Cha tano ni unachotoa wewe: muda, pesa, ujasiri.

Kabla ya njia, kilichomo ndani

Njia yoyote utakayochagua, maneno ni yako, na hapa ndipo pongezi nyingi zinapoharibika. Ukisikiliza za huku kwetu utasikia "Umeula!" na "Utukumbuke kwenye ufalme wako." Zinasemwa kwa furaha na hakuna ubaya moyoni. Lakini zisikilize kwa sikio la kijana aliyejitolea miaka minne akila kwa wazazi, anayedaiwa kodi ya chumba Mwanjelwa, ambaye kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Yeye anasikia madai. Kabla hajashika chaki ameshakuwa mdaiwa wa ukoo mzima. Pongezi isiyomdai kitu ni zawadi adimu sana kwa mwalimu mpya, na haina gharama yoyote.

Jambo la pili ni kusema kitu ambacho wewe peke yako ulikiona. "Una moyo wa ualimu" linaweza kusemwa na yeyote kwa yeyote. Mimi nilimwona mdogo wangu, akiwa kidato cha pili, akimsomesha mtoto wa jirani herufi za kwenye mfuko wa mbolea wakati tunapalilia viazi. Mtoto alianzia kwenye herufi kubwa nyekundu, akaenda mpaka yale maandishi madogo ya chini, na palizi ikasimama kwa sababu na sisi tulikuwa tunasikiliza. Hiyo naweza kuisema mimi tu. Tafuta mfuko wako wa mbolea kabla hujaandika mstari wa kwanza. Ukiupata, hata lugha ikiwa ya kawaida, ujumbe utasimama.

Na neno lenyewe, "Mwalimu". Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, na jina la kazi ile likabaki naye mpaka alipofariki mwaka 1999. Kwa Mtanzania si neno jepesi. Mtu anayeitwa hivyo kwa mara ya kwanza na mama yake au na rafiki aliyekaa naye dawati moja, anashtuka kidogo. Liandike zima. "Mwl." tuwaachie watengenezaji wa orodha na mabango.

Ujumbe wa kuandika kwenye simu

Kufika. Hapa hakuna kinachoushinda. Ujumbe wa kawaida, ule usiohitaji bando, unafika hata kwenye kitochi. Kama yuko njiani kwenye mabonde unamsubiri, na simu ikishika mtandao unaingia. Wa WhatsApp unahitaji bando na simu janja, lakini mjini ni dakika hiyohiyo.

Nafasi. Ni ndogo, na udogo huo unaweza kukusaidia. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160. Ukitia kikaragosi kimoja, unabaki na 70 tu na mengine yanahesabiwa kama ujumbe wa pili. Mimi huona 160 zinatosha kwa mtu anayejua anachotaka kusema. Huu ndio niliomtumia mdogo wangu jioni ile, na haufiki 160:

"Mwalimu! Nakumbuka ulivyomsomesha mtoto wa jirani herufi za mfuko wa mbolea shambani. Leo una ubao wako. Hongera mdogo wangu. Nitapiga usiku. Dada"

Hatari ya njia hii ni wepesi wake. Mwaka mmoja nilimtumia mwalimu mpya wa shuleni kwetu ujumbe mzuri nilioukuta kwenye kundi, unaomfananisha mwalimu na mshumaa unaojiunguza ili wengine waone. Wiki iliyofuata, tukiwa tunasahihisha madaftari, aliniambia kwa upole kwamba ujumbe uleule alitumiwa na watu watatu. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyebaki nikitazama kalamu yangu nyekundu. Nilikuwa nimekaa meza moja naye, nimemwona akiwapanga watoto wa darasa la kwanza mstarini kwa wimbo alioutunga mwenyewe, na sikuutaja.

Kudumu. Unadumu kadiri simu inavyodumu. Wengine hupiga picha ya skrini na kuihifadhi. Lakini ujumbe mwingi husukumwa chini na mafuriko ya salamu za siku hiyo.

Macho ya watu. Ukimtumia mwenyewe, ni siri yenu. Ukiandika kwenye kundi la ukoo au la darasa la chuo, unakuwa wa 47 kati ya hongera 60, na yeye atajibu "Asanteni sana wapendwa" mara moja kwa wote. Kundini pongezi inaonekana zaidi ya inavyosomwa.

Unachotoa. Karibu bure, dakika tano. Usipotoa hizo dakika tano, itaonekana.

Unamfaa anayetaka kuwa wa mwanzo, anayejua kusema kwa ufupi, na anayemwandikia mtu asiye wa karibu sana, ambaye maneno mengi yangemfanya ajiulize kulikoni.

Sauti ya kurekodi

Nilikuwa siipendi. Niliiona ni njia ya wavivu wa kuandika, mpaka jioni ile nilipomrekodia bibi.

Bibi yetu anasoma kidogo na haandiki. Kiswahili chake ni cha kwenda sokoni; maisha yake yote ni Kinyakyusa. Tulimkalisha barazani, nikamwekea simu karibu na mdomo, nikamwambia aseme na mjukuu. Alinyamaza kwanza. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, ile mvua ya Tukuyu isiyoomba hodi. Kisha akaanza kumwita mdogo wangu kwa jina alilompa siku alipozaliwa, jina ambalo shuleni halimo kwenye cheti chochote. Akamtajia babu. Akamwambia babu alikuwa anatembea kwa miguu mpaka misheni kwenda kusoma, na kwamba leo miguu ile imefika. Akamaliza kwa "Ndaga fijo", shukrani ya Kinyakyusa, kana kwamba yeye ndiye aliyepewa kazi. Dakika mbili na sekunde kadhaa, nusu yake mvua.

Ningeyaandika maneno yale kwa Kiswahili fasaha, na yangekufa mikononi mwangu.

Kufika. Inahitaji simu janja na mtandao wa kuweza kuipakua. Mjini ni papo hapo. Kituoni anaweza kuiona imekaa siku mbili haifunguki. Mwenye kitochi haimfikii kabisa. Kwa hiyo itume kabla hajasafiri.

Nafasi. Kubwa kuliko unavyodhani, lakini haina breki. Dakika mbili ni nyingi. Ikizidi tano, mtu anaisikiliza huku anafanya kitu kingine, au anaisubirisha mpaka atakapopata utulivu ambao hauji. Usisome karatasi, kwa sababu sauti ya kusoma inajulikana. Shika mambo mawili kichwani, anza kurekodi, na ukikosea endelea.

Kudumu. Inahifadhika, lakini kuitafuta baada ya mwaka ni kazi, na simu ikiibiwa stendi imeondoka nayo. Kama ni ya mzee, ihamishie na kwenye simu nyingine nyumbani. Sisi ya bibi ipo kwenye simu tatu.

Macho ya watu. Kitu ambacho wengi husahau ni kwamba sauti hufunguliwa popote. Anaweza kuibonyeza ndani ya daladala ya Uyole akidhani ni salamu fupi, na abiria wote wakasikia unavyomlilia. Tanguliza maandishi mafupi: "Sikiliza ukiwa peke yako."

Unachotoa. Pesa kidogo ya bando. Ujasiri mwingi. Sauti inakutoa wazi kama ulivyo, na kuna watu ambao koo linawakaba wakishaona kile kidoti chekundu kinarekodi.

Inamfaa mzee, mtu anayeongea kuliko kuandika, na yeyote ambaye lugha ya moyoni mwake si ile aliyofundishwa kuandika. Ukanda huu una Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga, Wabena, Wahehe na wengine; hao ni wengi.

Barua ya mkono

Nilipoanza kazi, mwaka wa kwanza, niliandikiwa barua moja tu. Aliiandika baba mdogo, fundi seremala, kwenye karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye vyumba, akiacha chumba kimoja kati ya neno na neno. Ilikunjwa mara nne. Ilianza hivi: "Shikamoo Mwalimu." Nilidhani nimesoma vibaya. Mtu aliyenizidi zaidi ya miaka 30, ndugu wa tumbo moja na baba yangu, ananiamkia mimi. Mstari wa pili ulisema: "Ni kwa leo tu, kwa heshima ya kazi uliyoipata. Ukija nyumbani utaniamkia wewe."

Kisha akaeleza kwamba madawati ya kwanza aliyotengeneza maishani yalikuwa ya shule, na kwamba dawati likitengenezwa vizuri linabeba watoto ambao fundi hatawajua kamwe. Basi. Hakuniambia mimi ni kama fundi. Aliniachia mwenyewe.

Barua ile niliibandika ndani ya jalada la azimio la kazi. Kila Januari ninapoandika azimio jipya, ninaihamisha. Imeshachanika kwenye mikunjo na nimeipachika selotepu mara mbili.

Kufika. Hapa barua inashindwa waziwazi. Kwa posta inapitia sanduku la shule au la halmashauri, na kutoka hapo inasubiri mtu anayekwenda kijijini. Njia ya uhakika zaidi huku kwetu ni basi. Andika juu ya bahasha jina, shule, kata na namba ya simu ya mpokeaji na yako, ikabidhi ofisi ya basi au kondakta, lipa kidogo, kisha mpigie mpokeaji umwambie gari gani na linafika saa ngapi. Na njia rahisi kuliko zote ni kumwekea kwenye mzigo. Makete mwezi wa Juni na Julai baridi inafika kwenye sakitu, asubuhi majani yameganda meupe. Ya kwangu nilimkunjia ndani ya sweta, kwa sababu nilijua sweta atalifungua usiku wa kwanza.

Nafasi. Ukurasa mmoja. Kurasa tatu zinageuka mahubiri. Weka tarehe na mahali juu kulia kama tulivyofundishwa, muite kwa cheo chake kipya, kisha ingia moja kwa moja kwenye lile jambo uliloliona. Likiisha, sema kitu kuhusu huko anakokwenda, hata kama hukujui: muulize. Dua iwe mwisho, na iwe dua inayomhusu. "Mungu akupe sauti isiyochoka" inakaa vizuri kwa mtu atakayeongea vipindi sita kwa siku.

Kudumu. Hakuna inayoifikia. Haihitaji chaji.

Macho ya watu. Inasomwa na mmoja, kwa wakati wake. Inavumilia maneno ambayo mdomo hauwezi: baba kumwambia mwanawe wa kiume kwamba anajivunia, kwa mfano. Nimeona mababa wengi wa huku ambao hawatasema hilo ana kwa ana hata iweje, lakini kalamu inawakubalia.

Unachotoa. Jioni nzima, na kukubali kwamba mwandiko wako utaonekana. Kwa asiyezoea kuandika ni mateso, na tusimlazimishe. Niongeze pia kwamba si kila mpokeaji anaipenda. Kwa kijana mwingine barua ni kitu kizito. Anaipokea, anashindwa ajibu nini, na ukimya wake unakuumiza. Ukiandika, andika bila kusubiri jibu.

Inamfaa mtu wa karibu sana mwenye jambo moja kubwa la kusema, na mwalimu wa zamani anayemwandikia mwanafunzi wake ambaye sasa ni mwenzake kazini.

Maneno ya kusimama

Mwalimu mpya akiaga, huku kwetu mara nyingi kutakuwa na chakula nyumbani, au atasimamishwa kanisani Jumapili. Wilayani Rungwe hilo lina historia yake: wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891, na kufundisha kusoma kulikwenda pamoja na kuhubiri. Kwa wazee wa hapa, mwalimu wa shule na mwalimu wa dini ni watoto wa baba mmoja. Ndiyo maana watataka kumwekea mikono, na watataka mtu aseme.

Kufika. Inafika kwa mkupuo, na haina safari ya pili. Kama hakuwepo, hakuipata.

Nafasi. Dakika tatu, hata kama mshereheshaji amekupa kumi. Amkia wazee kwanza, jitambulishe wewe ni nani kwake, simulia kisa kimoja, mkabidhi ulichomletea, keti. Kwa mfano: "Shikamooni wazee wangu. Mimi ni jirani wa nyumba ya tatu. Mwanangu alikuwa hajui kusoma mpaka darasa la tatu. Kijana huyu alimkalisha shambani kwetu na mfuko wa mbolea. Leo mwanangu amemaliza kidato cha nne. Mwalimu, nimekuletea mchele wa Kyela, debe moja. Asanteni." Jirani yetu alisema hivyo, karibu neno kwa neno, na mama hakuweza kuinua uso kwa muda.

Kudumu. Maneno yenyewe yanasahaulika, lakini mashahidi wanabaki. Miaka ikipita, mtu atamwambia "Unakumbuka jirani alivyosema?" na kisa kinaanza upya. Mpe mtoto mmoja simu arekodi.

Macho ya watu. Hii ndiyo nguvu yake na ndiyo hatari yake. Heshima inayotolewa mbele ya watu ni ya aina yake, hasa kwa kijana ambaye mtaa ulikuwa umeanza kumsema kwamba kasoma bure. Lakini mbele ya hao hao usitaje mitihani aliyofeli, usaili aliokosa, wala deni lake dukani, hata kama nia yako ni kuonyesha ametoka mbali. Njia aliyotoka ataisimulia mwenyewe akitaka.

Unachotoa. Ujasiri wa kusimama, na unyenyekevu wa kuketi mapema. Anayeanza na "Mimi enzi zangu" ameshajipongeza yeye.

Inamfaa anayewakilisha wengine: kwaya, kikundi cha akina mama, ukoo, mtaa. Haimfai mtu mwenye jambo la siri, wala mpongezwaji mwenye haya nyingi. Wapo ambao kusimamishwa mbele ya watu ni adhabu, na huyo umjue kabla hujaomba kipaza sauti.

Sasa, kwa hali yako

Kama wewe ni mzazi ambaye kalamu haikutii, rekodi sauti, kwa lugha uliyomlelea. Usitafute Kiswahili cha redio. Kama unaweza kuandika hata mistari sita, iandike, mwekee kwenye begi, na sauti utume siku nyingine akishafika.

Kama wewe ulimfundisha, barua. Muite "Mwalimu mwenzangu". Nimewahi kumwona mtu mzima akilisoma neno hilo la pili mara tatu.

Kama mlisoma wote chuoni, iwe Tukuyu, Mpuguso, Kleruu au kwingine, na wewe bado unasubiri ajira, hali yako ndiyo ngumu kuliko zote na ningependa nikae nayo kidogo. Mtaa utakutazama unavyopongeza. Usisimame kwenye sherehe kama moyo haujatulia. Hakuna anayekudai hotuba. Usirekodi sauti, kwa sababu itakusema hata usiyotaka. Andika ujumbe mfupi, kwake peke yake, wenye ukweli: mlipotoka pamoja, kitu kimoja alichokuzidi kwa haki, na hongera. Usiandike "na mimi zamu yangu inakuja". Hilo ni kweli, lakini litamfanya aanze kukufariji wewe siku ambayo ni yake. Mdogo wangu alitumiwa ujumbe wa namna hiyo na rafiki yake wa chuo. Ulisema: "Wewe ndiye uliyekuwa unaandika ubaoni kwa mstari ulionyooka. Watoto wa Makete wamepata." Alinisomea kwenye simu, akashindwa kumalizia.

Kama ni mume au mke na mtatengana kwa ajili ya kituo, barua kwenye mzigo, na ujumbe mfupi kila jioni ya wiki ya kwanza.

Kama uko upande wa wanaompokea, yaani mwenyekiti wa kijiji, mzazi, au mwalimu uliyemkuta shuleni, maneno ya kusimama ndiyo mahali pake, mafupi, mstarini asubuhi au kwenye mkutano wa kijiji. Mwamkie kwa lugha ya pale, akiwa Iringa basi "Kamwene Mwalimu", mfundishe namna ya kuitikia, na uwe umeshajua nani atampa chumba na wapi atapata kuni. Pongezi ya mwenyeji bila chumba anaikumbuka vibaya.

Kama humfahamu vizuri, ni ndugu wa rafiki au mtoto wa jirani wa zamani, ujumbe wa simu wa mistari miwili unatosha, na tafadhali usiuokote kundini.

Shangazi mwishowe hakuandika. Aliomba nimwelekeze pa kubonyeza, akasema maneno ambayo sitayaweka hapa kwa kuwa si yangu, na akarudisha simu mezani.

Na kama umechelewa, mtu ameripoti mwezi wa pili sasa na hujasema neno, usitumie ujumbe wa "hongera" uliochakaa. Andika barua, au ujumbe mrefu kidogo jioni ya Jumapili, wakati anapoandaa masomo ya wiki. Kuomba radhi kuishie kwenye mstari mmoja. Kisha muulize darasa lake lina watoto wangapi, na ni jina la mtoto yupi lilimkaa kichwani kwanza.